Sura ya Saba: Tundu la Waya

Katika makazi ya Nakivale, yaliyoanzishwa mwaka 1958 Uganda ingali chini ya himaya ya Waingereza, na ambayo leo yamo ndani ya Wilaya ya Isingiro karibu na mpaka wa Tanzania, hakuna chombo kinachofanya kazi nyingi kuliko pikipiki. Ndiyo inayombeba mgonjwa usiku, ndiyo inayobeba madumu ya maji, magunia ya mahindi na ile mikungu ya matoke ambayo Isingiro imejaaliwa kuliko wilaya nyingi za nchi hiyo. Na mtu wa Misiera, mtaa mmojawapo wa makazi hayo, anayetaka kufika Base Camp, au kushika njia ya Mbarara, aghalabu hana kipando kingine cha kumfikisha kwa wakati. Barabara zenyewe ni za moramu, na moramu ikipitiwa na magurudumu kwa kasi hujikunja makunyanzi yaliyopangika kutoka ukingo hata ukingo. Mwaka 2007 wanafizikia Nicolas Taberlet, Stephen Morris na Jim McElwaine walichapisha matokeo ya jaribio lao la kuzungusha gurudumu juu ya mchanga, wakadhihirisha kwamba makunyanzi hayo huzuka yenyewe mara gurudumu linapozidi mwendo fulani, hata pasipo springi wala shokabsoba. Kwa hiyo greda likipita leo na kusawazisha, matuta hayakawii kurejea. Tuseme yameachana nusu mita, na pikipiki inakwenda kilomita 40 kwa saa: kila gurudumu litapigwa zaidi ya mara 20 kwa sekunde moja, na kila pigo litapita katika rimu, ekseli na chasi, likitafuta boliti iliyokazwa ovyo.

Boliti iliyokazwa ipasavyo ni jambo la ajabu kidogo. Anayeikaza huinyoosha, kwa kadiri isiyoonekana kwa jicho, nayo kwa kutaka kuurudia urefu wake wa asili huvibana vyuma vilivyo baina ya kichwa chake na nati. Boliti ya milimita 8 iliyopigwa chapa ya 8.8 kichwani, ikikazwa kwa kama nyutoni-mita 25, huvibana vyuma hivyo kwa nguvu ya takriban kilonyutoni 16, sawa na uzito wa zaidi ya tani moja na nusu. Mwinamo wa hesi zake ni kiasi cha digrii 3 tu, ilhali msuguano wa chuma kikavu juu ya chuma ungaliweza kuizuia nati isiteleze hata lau mwinamo huo ungalifika digrii 8. Ndiyo sababu nati iliyokazwa vyema haijifungui, hata boliti ikivutwa kwa nguvu nyingi kufuata urefu wake.

Ila msuguano una tabia moja ya hiana: kitu kilichokwisha kuteleza kuelekea upande mmoja hakizuiliki tena barabara kikisukumwa upande mwingine. Mhandisi Gerhard Junker, katika utafiti alioutoa mwaka 1969, alithibitisha kwamba adui mkubwa wa nati ni mtikisiko wa ubavuni, yaani ule unaovisukuma vyuma viwili huku na huku kwa kukingamana na boliti. Kila vinapoteleza, hata kwa sehemu ndogo ya milimita, hesi nazo huteleza, na ule mwinamo mdogo wa digrii 3 hupata nafasi ya kuirudisha nati nyuma kwa kiasi kisichopimika; na mitikisiko ya safari moja ya kwenda Mbarara huhesabiwa kwa makumi ya maelfu.

Duka lolote la vyuma mjini Mbarara litakuuzia washa ya springi, ile iliyokatwa mahali pamoja na kupindwa ncha, na wanunuzi huitia chini ya nati kwa imani kamili. Imani hiyo haina msingi. Springi hulazwa bapa mapema, nati ingali na safari ndefu ya kukazwa, na tangu hapo haina tofauti na washa nyingine yoyote. Richard Barrett, aliyeuandika mwongozo wa boliti na viungo vya kubania uliotolewa na NASA mwaka 1990, alitamka bila kuuma maneno kwamba katika kuzuia kulegea haifai kitu. Nati yenye pete ya nailoni ndani yake ni aula zaidi, maadamu haijafunguliwa na kufungwa mara nyingi wala haiko jirani na joto la bomba la moshi. Gundi ya hesi pia ni njema, lakini hudai usafi, na usafi katika karakana ya kando ya njia ni anasa.

Baada ya hayo ndipo unapokuja waya, unaopitishwa katika tundu lililotobolewa kwenye boliti, na hapa sharti niseme jambo ambalo washabiki wa mashindano ya pikipiki hawapendi kulisikia: waya haukazi kitu. Boliti iliyofungwa waya yaweza kupoteza mkazo wake wote na kubaki mahali pake ikichezacheza. Kazi ya waya ni kuizuia isiendelee kuzunguka hata ikadondoka, na, la pili ambalo kwa maoni yangu ndilo kubwa, kumwonyesha mkaguzi kwa kutupa jicho mara moja kwamba yuko mtu aliyeikaza, na kwamba hakuna aliyeigusa tangu siku hiyo. Kwa ajili ya ushahidi huo ndege ziliuheshimu waya kuliko chombo kingine chochote. Chuo cha Soroti, kilichoanzishwa mwaka 1971 zama za Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki, kimetoa marubani na mafundi wa ndege, na fundi wa ndege, awe wa Soroti au wa kwingineko, hujifunza kusokota waya mapema kabisa katika masomo yake. Kutoka huko desturi ikahamia katika mashindano ya pikipiki, ambako kizibo cha mafuta ya injini hufungwa waya kwa kuwa mafuta yakimwagika njiani humwangusha hata yule anayefuata nyuma. Magari nayo yamewahi kuionja moramu yetu: Safari Rally ilipoanza mwaka 1953 kwa jina la East African Coronation Safari ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliishinda mara 5 katika siku ambazo kufika salama kulikuwa zaidi ya nusu ya ushindi.

Katika Misiera haja ya tundu huzuka kwa njia nyingine kabisa, isiyo na fahari ya mashindano. Nilimkuta fundi mmoja, mzee aliyetoka Kivu ya Kusini, amekaa juu ya kreti chini ya turubali, na mbele yake amesimama kijana wa boda ameishika pikipiki yake kwa usukani.

“Papa, ile nati ya mkono wa breki imelegea tena.”

“Imelegea ao imepotea?”

“Imepotea, papa. Nimefunga mupira kwanza.”

Mzee aliinama akautazama ule ukanda wa tyubu uliozungushwa mahali pa boliti. “Mupira ni wa kufunga kuni, mwanangu,” akasema, akaanza kuufungua.

Mkono wa breki ni kipande kifupi cha chuma kinachoishika sahani ya breki ya nyuma isizunguke pamoja na gurudumu. Ukichomoka, siku mwendeshaji atakapokanyaga breki sahani itageuka na gurudumu, ufito wa breki utapindwa, na yeye ama atakosa breki kabisa ama gurudumu litagoma ghafula, na hayo huja aghalabu mteremkoni, kwa kuwa ndipo breki inapotakiwa, na mikungu ya matoke ikiwa imefungwa nyuma yake. Watengenezaji wa pikipiki nyingi wamelizingatia hilo, wakaitoboa boliti hiyo mkiani na kuitia pini ya kukunja. Lakini boliti ya kiwandani ikipotea, ile inayonunuliwa badala yake dukani haina tundu. Na hapo ndipo ustadi tunaouzungumza katika sura hii unapokuwa na thamani ya maisha ya mtu.

Kazi huanza kwa kusoma kichwa cha boliti. Ile isiyo na chapa yoyote hutoboka sahali, na kwa sababu hiyo hiyo haifai mahali kama hapo. Iliyopigwa 8.8 imeahidiwa kuhimili megapaskali 800 kabla ya kukatika, na asilimia 80 ya hizo kabla ya kunyooka moja kwa moja. Hutobolewa kwa biti nzuri ya kawaida na subira. 10.9 hudai biti yenye koboliti. 12.9, ambayo aghalabu ni ile ya kichwa cha mviringo chenye shimo la pembe sita la kuingizia ufunguo, ni ngumu hata biti duni huteleza juu yake ikipiga kelele na kuacha doa linalong'aa. Wapo wanaodhani kwamba chuma kikali zaidi ndicho salama zaidi, wakaitafuta 12.9 kwa mkono wa breki. Mimi naona 8.8 yatosha, tena yapinda kabla ya kukatika, jambo ambalo 12.9 hailifanyi kwa ukarimu kiasi hicho.

Kisha fundi huchagua mahali pa tundu, na hapa makosa ni mengi. Boliti ya milimita 8 ya kichwa cha pembe sita ina upana wa milimita 13 kutoka ubapa hadi ubapa, na kimo cha kichwa ni milimita 5 na kitu. Ukitoboa kutoka ubapa hadi ubapa unaoukabili, biti huingia wima na kutoka wima, ambalo ni jambo jema, lakini biti ya milimita 1.5 italazimika kuchimba mara nane au tisa ya unene wake, na aghalabu huvunjikia humo ndani, na kipande kilichobaki hakitoki kwa rai wala kwa nguvu. Njia fupi ni kukata pembeni: kuingia katika ubapa mmoja karibu na pembe na kutokea ubapa wa jirani. Hapo kina ni kama milimita 5 tu. Taabu yake ni kwamba biti hukutana na chuma kwa mshazari mkali, ikateleza na kuchora mstari badala ya kuuma. Mzee wa Misiera aliifanya hivi: aliibana boliti katika jiliwa kwa kuikinga hesi zake kwa vipande viwili vya bati la alumini, akatia alama kwa senta panchi katikati ya kimo cha kichwa, akaanza kutoboa wima juu ya ubapa mpaka biti ikapata kikalio cha nusu milimita hivi, ndipo akaifungua jiliwa, akaigeuza boliti kidogo, na kuendelea kwa mshazari aliokuwa anautaka. Mikono yake haikuisukuma keekee. Uzito wa keekee yenyewe ndio uliofanya kazi.

Ama kuhusu mwendo, biti ya milimita 1.5 katika chuma cha namna hii yataka mizunguko kama 2,000 hadi 3,000 kwa dakika, ambayo drili ya mkononi ya umeme huifikia bila shida. Palipo na keekee ya kuzungushwa kwa mkono tu, biti haitaungua bali kazi itakuwa ndefu, na hatari hapo ni mtu kuchoka akaanza kuegemea. Mafuta ni ya lazima. Mafuta mazito ya kukatia vyuma ndiyo bora. Yasipopatikana, hata mafuta safi ya injini ni heri kuliko kutoboa pakavu. Biti itolewe nje kila baada ya milimita moja hivi, ifutwe unga wa chuma, itiwe mafuta tena. Kwa maana unga ukishindiliwa ndani ya mifereji yake biti hukwama, na biti nyembamba iliyokwama husokoteka na kukatika kabla mkono haujapata habari. Na biti nyingi zilizosalimika safari yote hufa mwishoni, pale ncha inapotokea upande wa pili ikanasa ukingo mwembamba wa chuma kilichobaki. Fundi mzoefu huusikia mlio ukibadilika, akaachia mkono.

Chuma cha pua kisichoshika kutu kina fitina yake: ukiisugua biti juu yake pasipo kukata, ubapa hugeuka mgumu kuliko ulivyokuwa, na biti ya pili haitafanikiwa pale iliposhindwa ya kwanza. Hapo ni kuanza kwa biti kali, kwa mwendo wa pole na mkono thabiti, bila kusitasita.

Nati yataka hadhari zaidi, kwa kuwa katikati yake ni tupu. Katika nati ya milimita 8 kuna chuma cha milimita 3.5 baina ya hesi na pembe, na milimita 2.5 tu baina ya hesi na ubapa. Tundu likipitishwa pembeni, kiini chake kikiwa milimita 6 kutoka katikati ya nati, ukuta unaobaki baina yake na hesi hauzidi milimita 1 na robo. Biti ikikengeuka kidogo tu, itaangukia katika hesi na nati imekwisha. Boliti ya kichwa cha mviringo, kwa upande wake, ina ukuta wa kama milimita 3 na nusu kutoka nje hadi shimo la ufunguo, kwa hiyo safari ya biti ni fupi, ijapokuwa chuma chake ni kigumu mno. Tundu lolote, liwe la nati au la boliti, likishatoboka husafishwa midomo yake kwa ncha ya biti nene zaidi inayozungushwa kwa vidole, kwani ukingo mkali ulioachwa hapo utaukata waya kwa mtikisiko uleule tunaoukimbia.

Tumezungumza juu ya vichwa. Sasa mkia, ambao ndio uliomleta yule kijana. Boliti ya milimita 8, ukipima shina la hesi zake, ina unene wa kama milimita 6 na nusu. Tundu la milimita 2 la pini ya kukunja linalopita kati kwa kati huliondolea shina hilo zaidi ya theluthi ya chuma chake mahali pale. Likiwa nyuma ya nati, si hoja, maana huko boliti haibebi mzigo wowote. Likiwa baina ya kichwa na nati, umeichagulia boliti mahali pa kukatikia. Kwa hiyo mzee hakutoboa kwa kukisia. Aliivisha boliti mahali pake, akaikaza nati mpaka mwisho, akaweka alama kwa ncha ya msumari nyuma tu ya nati, akaifungua tena yote na kwenda kuibana katika jiliwa. Kijana alilalamika kwamba abiria wanamngoja. Mzee akamwambia, “Wangojee, wako wazima,” akaendelea.

Kufunga waya kwenyewe ni kazi ya dakika chache kwa aliyeizoea. Desturi ya mafundi wa ndege ni kwamba unene wa waya uwe kati ya theluthi moja na robo tatu za upana wa tundu, na waya wa milimita 0.8 katika tundu la 1.5 umo ndani ya kipimo hicho. Hupitishwa katika tundu la boliti ya kwanza, ncha zake mbili zikasokotwa pamoja, mizunguko 6 hadi 8 kwa inchi, mpaka kufikia boliti ya pili. Ncha moja ikapita katika tundu, nyingine ikazunguka kichwa, kisha zikasokotwa tena na kuachiwa mkia wa milimita 6 hadi 12 unaokunjwa kuelekea ndani usije ukachana mkono wa mtu. La kuzingatia ni upande wa kuvuta: waya sharti uivute kila boliti kuelekea kukazwa, hata moja ikitaka kulegea isiweze bila kuikaza mwenziwe, kama mbuzi wawili waliofungwa kamba moja kila mmoja akitaka njia yake. Waya uliozungushwa kinyume huonekana nadhifu vilevile na hauna maana yoyote. Na kwa kuwa macho ya mwenye pikipiki hayatofautishi, ni juu ya fundi kutofautisha. Tundu lisipolingana na mwelekeo unaotakiwa, boliti hailegezwi kidogo ili lilingane. Ndiyo sababu wenye busara hutoboa pembe tatu za kichwa kimoja wakiwa wamekwisha kukibana, wapate la kuchagua.

Kuhusu waya wenyewe, mitaani hutumika ule mweusi laini wa kufungia nondo, kwa kuwa upo katika kila mahali panapojengwa na bei yake ni ndogo. Hushika kutu katika msimu mmoja wa mvua na kukatika penye msokoto. Unaofaa ni wa chuma kisichoshika kutu, uliolainishwa kwa ajili ya kazi hiyo, na hautumiki mara mbili: ukifungua, unakata na kutupa. Bali kutupa ni neno la kuangaliwa. Vipande hivyo ni vifupi, vikali ncha, na kwa kuwa ni vya namna isiyovutwa na sumaku, huwezi kuvizoa kwa sumaku ya spika mbovu wanayotumia mafundi kuokota misumari. Vikiachwa chini mbele ya karakana huingia katika tairi la mteja wa kwanza anayeondoka. Mzee wa Misiera huvikata akiwa ameushika mkia kwa vidole vya mkono wa pili, kisha huvitia katika kopo la maziwa ya unga lenye mfuniko uliotobolewa kijishimo kimoja, na kopo likijaa hulifukia shimoni nyuma ya nyumba, mbali na njia ya pikipiki.